Mwavuli Haujaribiwi Sebuleni

Jumatano ile Mzee Ambakisye alitoka nyumbani kwenda zahanati, na zahanati akaipita. Akaipita na ofisi ya kata, akakipita na kiwanda cha chai, huku akipunga mkono kwa kila aliyemwona, utadhani anagombea udiwani. Watu wa Tukuyu wakampungia nao. Nani asingefurahi kumwona mzee wa miaka themanini na moja, ambaye mwaka jana tu alikuwa akibebwa kwenda msalani, leo anaukata mtaa kwa hatua za mita nzima?

Subilaga peke yake ndiye aliyeona kwamba mkono wa pili wa mzee ulikuwa umeishika kofia isibaki nyuma. Alikuwa amesimama kwenye lango la karakana anakung'uta kitambaa cha meza. Akakitupa begani.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu! Nishike!"

"Unakwenda wapi?"

"Waulize hawa!" Mzee akaonyesha miguuni kwake. "Mimi abiria tu!"

Subilaga hakupiga kelele, maana kelele haijawahi kusimamisha kitu. Alilivuta lango la chuma likaziba nusu ya barabara, na miguu ya mzee, ambayo ilifundishwa kufuata penye njia, ikakata kona ikaingia uani. Ikazunguka tangi la maji mara moja, mara mbili. Mara ya tatu Subilaga akamkamata mzee kwapani, akaenda naye sambamba kama mpambe wa bibi harusi, akainama, akavuta kitasa kidogo nyuma ya goti. Miguu ikakaa. Mzee naye akakaa, juu ya lundo la majani ya migomba.

"Ndaga fijo," akashukuru akihema. Kisha akacheka mpaka machozi. "Subilaga, umeniona nilivyompita yule wa pikipiki?"

Watu waliiita miguu ile mapacha. Ilikuwa fito nyembamba za chuma zilizofungwa kiunoni na kushuka hadi kwenye nyayo, na penye mshipi palikuwa na sikio. Ukiwaambia mapacha unakotaka kwenda, wanakupeleka, wakipima wenyewe matope, mawe na mteremko. Katika mji wa vilima na mvua kama Tukuyu, ambako kiti cha magurudumu hakifiki popote ila mtaroni, mapacha walikuwa wamewatoa wazee vitandani na kuwarudisha sokoni, kanisani, na kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba.

"Uliwaambia nini asubuhi, baba?"

"Wanipeleke zahanati."

"Maneno yenyewe hasa."

Mzee Ambakisye akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama huwa ananawa uso. "Si niliwasalimia kwanza? Mtu huamki tu ukamwambia mwenzio nibebe. Nikawaambia, haya wanangu, mmeamkaje, mmelalaje, baridi haikuwauma, wa huko mlikotoka hawajambo, na mimi namshukuru Mungu, mgongo unauma kidogo lakini si kama juzi, mvua nayo imetusumbua, maharage yataoza, basi tukimaliza salamu naomba mnipeleke zahanati, taratibu, hatuna haraka."

"Hatuna haraka," Subilaga akarudia.

"Nilisema hivyo hivyo!"

*

Fundi mkuu wa karakana, Lusajo, alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na nne, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino. Alichomeka waya kwenye mshipi wa mzee, na kumbukumbu za asubuhi ile zikajipanga kwenye kioo.

"Herufi zaidi ya mia mbili," akasoma. "Mama, rafu ya maneno ni ya herufi sitini na nne."

Subilaga alikuwa ameishia darasa la saba, na karakana ile aliingia kama mpishi. Lakini mpishi yule alikuwa na macho. Siku moja, akipeleka chai, aliona kwamba tarehe kwenye hati ya ukaguzi ilikuwa ya kesho. Mwaka uliofuata wakampa muhuri. Tangu hapo hakuna jozi ya mapacha iliyotoka bila yeye kusoma hati yake mstari kwa mstari, akifuatisha kwa kidole, na kabla ya kubandika muhuri alikuwa akiomba maombi mafupi aliyoyatunga mwenyewe: Bwana, nisithibitishe nisichokiona.

Mambo ya rafu aliyaelewa kwa njia yake. Ndani ya akili ya mapacha mna rafu zimepangwa bega kwa bega, kila moja na upana wake. Maneno ya mwenye miguu huwekwa kwenye rafu moja, na rafu ya jirani inakaa urefu wa hatua. Maneno yakizidi, yanamwagikia kwa jirani, na hatua ya sentimita arobaini inageuka mita. Ndiyo maana mafundi waliweka kinga: punje moja ya ushanga pembezoni mwa rafu, ya rangi ya siri inayobadilika kila asubuhi. Kabla mapacha hawajanyanyua unyayo wanaitazama punje ile. Wakikuta si ile waliyoiweka, wanajua kuna kilichomwagika, wanapiga magoti na kutulia.

Kwa Subilaga hilo halikuwa jambo geni. Enzi ana nyumba iliyojaa watu alikuwa akisawazisha unga kwenye debe na kuchora alama kwa kidole. Akirudi shambani, haulizi nani amechota. Anafungua debe.

"Sasa ushanga ulikuwa wapi leo?" akauliza.

"Upo, mama. Nimeuagiza mwenyewe. Na hati ya maandalizi ilithibitisha."

Akaileta hati. Karakana ilikuwa na mashine moja kubwa, kompaila, iliyochukua maagizo yaliyoandikwa na mafundi na kuyageuza kuwa lugha ya chuma. Kabla ya kila kazi, hati ya maandalizi, inayojiendesha yenyewe, huiuliza kompaila inajua nini na haijui nini, na majibu yanaandikwa. Mstari wa kumi na saba ulisomeka: *Naangalia kama kompaila inaijua kinga ya rafu... ndiyo.* Na chini, kwa wino wa buluu, muhuri wa Subilaga.

"Inaangaliaje?" Subilaga akauliza.

"Nani?"

"Hati. Imesema naangalia. Inaangalia kwa macho gani?"

"Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza." Lusajo akakuna kichwa. "Inaipa kompaila kazi ndogo ya majaribio na kuiambia, ifanye kazi hii pamoja na kinga ya rafu. Kompaila isipogoma, hati inaandika ndiyo."

"Na hiyo kazi ndogo ina nini ndani?"

"Haina kitu. Inaanza, inaisha. Ili iwe ya haraka."

"Haina rafu?"

"Haina."

"Kwa hiyo hakuna cha kukinga."

Lusajo akaukodolea macho mstari wa kumi na saba.

"Mwanangu, mgeni akija kwako ukamwuliza umekula, anakujibuje?"

"Nimekula, asante."

"Hata kama?"

"Hata kama tumbo linanguruma," Lusajo akasema polepole.

"Na ukitaka kununua mwavuli, unaufungulia sebuleni, ukiona hujalowa unalipa?"

Mzee Ambakisye, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akinywa chai bila haraka, akapaliwa.

Lusajo hakucheka. Alikuwa amekwisha fungua daftari la pembeni, lile ambalo kompaila huandika minong'ono yake na ambalo hakuna mtu hulisoma. Akalishusha hadi wiki tatu nyuma, siku kompaila mpya ilipofungwa. Humo mstari mmoja ulijirudia, mara moja kwa kila jozi: *Onyo: neno "kinga-rafu" silijui. Nimelipuuza. Naendelea na kazi.*

Haikuwa imegoma. Ilinong'ona tu, ikaendelea, na hati ikaandika ndiyo.

"Ifundishe hati kwamba onyo ni hapana," Subilaga akasema.

Lusajo akaandika maneno mawili. Akaiendesha upya. *Naangalia kama kompaila inaijua kinga ya rafu... hapana.*

"Jozi ngapi zimetoka tangu mashine hii ije?"

"Arobaini na moja, mama."

Zote zilikuwa na muhuri wa buluu.

*

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kanisa lao lilikaa juu ya kilima, na kulifikia kulikuwa na ngazi sitini za mawe. Kwa miaka mingi wazee walikuwa wakisalia chini, wakisikia nyimbo zikiwashukia kama moshi wa jirani. Mwaka huu mchungaji alikuwa ametangaza kwamba wazee ndio watakaotangulia, kila mmoja na kikapu chake kichwani au mkononi, na nyuma yao ndipo wafuate wenye magoti mazima.

"Tuwaambie tu wasiwasalimie," Lusajo akasema.

"Tukuyu? Watu wasisalimie?"

"Basi nitapanua rafu. Herufi mia tano."

"Mzee huyu hapa ataijaza kwa salamu za Krismasi."

"Na nitabakiza," akasema Mzee Ambakisye.

Lusajo akamvuta Subilaga pembeni, karibu na meza ya mwisho. "Mama, nisikilize. Tukitangaza, wazee arobaini na mmoja watavua miguu leo. Sikukuu hawaendi. Na wakaguzi wa mkoa watauliza nani alibandika muhuri. Lakini tukiwaita mmoja mmoja baada ya Jumapili, tukasema ni huduma ya kawaida, nani atajua? Wiki tatu zimepita, kilichotokea ni mzee mmoja kumpita mwenye pikipiki."

Maneno yale yalikuwa matamu kwa Subilaga, na utamu wake ulikuwa umelala pale pale mezani. Jozi ya arobaini na mbili ilikuwa imekamilika. Mshipi wake Subilaga aliushona mwenyewe, wa kitenge cha njano chenye vikombe vya chai. Ilikuwa ya Atuganile, wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa ameketi dirishani miaka sita.

Akawaza ngazi sitini. Akawaza wazee arobaini na mmoja, siku ya furaha, asubuhi ya salamu kuliko asubuhi zote za mwaka, kila mmoja akiamka na kuwasimulia mapacha wake habari za mavuno.

"Nipe mpaka kesho," akasema. Lakini alijua hakuwa anaomba muda wa kuamua. Alikuwa anaomba muda wa kwenda kwa wifi.

*

"Nimeamua nitaanza na mguu wa kushoto," Atuganile akamwambia kabla hajaketi. "Wa kulia ndio ulionisaliti kwanza, ungoje. Na gauni limekuja. Funua hapo uone. Fundi kanifanyia mabega kama mwanajeshi, lakini basi, nikisimama yatashuka. Mbona umekaa kama umekuja kuomba chumvi?"

"Wifi, mapacha hawana kinga."

Akamweleza yote: salamu za Mzee Ambakisye, hati, kazi isiyo na kitu ndani, mnong'ono ambao hakuna aliyeusoma, muhuri. Hakupamba. Atuganile, ambaye hata akiwa na homa husemasema, alikaa kimya mpaka kuku akaingia, akazunguka chumba, akatoka.

"Muhuri uliubandika wewe."

"Mimi."

"Ungenyamaza, ningejua?"

"Usingejua."

"Ningepanda ngazi Jumapili?"

"Pengine ungepanda. Pengine ungeshuka kwa kichwa."

"Na wewe nyuma yangu unaimba."

"Unajua mimi siimbi, wifi."

Atuganile akacheka puani bila kupenda, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. "Mdogo wangu alikuja nyumbani akasema, dada, nimepata msichana mkimya. Nikamwambia, angalia macho yake, huyo atakuhesabia hata mbegu za boga." Akalikunja gauni magotini, pindo kwa pindo. "Kutengeneza jozi moja upya kunachukua muda gani?"

"Nusu saa. Arobaini kwa siku mbili kama hatuchezi. Lakini kwanza Lusajo aitafutie kompaila kinga ya kweli."

"Basi mimi niweke mwisho."

"Wifi, ningeweza kukutangul..."

"Wale walipewa ndiyo ya uongo. Mimi bado sijapewa kitu. Aliyedanganywa ndiye anatangulia." Akageukia dirisha. "Na usiniangalie hivyo. Nenda kazini. Nitalia ukishatoka, sipendi watazamaji."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Subilaga aliazima kipaza sauti cha wauza ndizi, akapanda juu ya kreti la soda, akasema kwa sauti ile ile anayosomea hati:

"Mimi Subilaga, mkaguzi wa karakana. Nilibandika muhuri kwenye kitu nisichokiona. Mapacha waliotoka wiki tatu hizi hawana kinga. Leteni, tutawatengeneza upya. Ninaomba radhi."

Wengine walinung'unika, wengine wakavua pale pale na kukaa juu ya magunia. Mwanamke mmoja akauliza kama pesa ya mshipi itarudi, mwingine akamjibu, wewe nawe, umeambiwa ukweli unadai na chenji. Aliyekataa alikuwa mmoja tu.

"Sivui," akasema Mzee Ambakisye. "Tangu nistaafu sijawahi kumpita mtu barabarani. Kama ni kufa, nife wa kwanza kufika."

Subilaga akamsogelea. "Baba, tutahitaji mtu wa kuwajaribu. Kila jozi itasalimiwa mezani kabla haijavaliwa. Salamu ndefu, isiyo na huruma, mpaka ushanga utikisike. Mimi naishiwa maneno mapema. Tukuyu nzima sijui nani anaweza kazi hiyo."

Mzee akafikiri kwa heshima inayostahili. Kisha akainama na kuanza kufungua mshipi.

Lusajo naye siku ile hakula. Alikuwa amesoma kitabu cha kompaila ukurasa kwa ukurasa, na saa nane mchana akapiga meza kofi. "Inaijua! Inaijua, ila inaiita kwa jina lingine. Kule ilikotengenezwa wanaiita nyuzi-linzi." Akaifundisha hati kuuliza kwa majina yote mawili. *Ndiyo,* hati ikaandika.

"Bado," Subilaga akasema.

"Mama, imesema ndiyo, na hakuna onyo."

"Na ile kazi yako ndani bado ni tupu. Weka rafu. Weka rafu ya herufi nane, halafu uisukumie ishirini."

Akaweka. *Ndiyo.*

"Umeona?" akasema Lusajo.

"Hapo umeona kompaila imefasiri tu. Mahindi yakisagwa unasema umeshiba? Unganisha vipande kama unavyoviunganisha kwenye miguu yenyewe. Halafu uviendeshe."

Lusajo akaunganisha. Akajaribu kuviendesha. *Hapana,* iliandika hati. *Mkagua-ushanga simwoni.*

Kompaila ilijua kuiweka punje pembezoni mwa rafu. Yule wa kuja kuitazama alikuwa kwenye furushi lingine, na furushi lile halikuwahi kufunguliwa tangu mashine ije. Lilikuwa kabatini, bado na kamba yake.

"Ningeishia kwenye ile ndiyo ya pili," Lusajo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona shimo baada ya kulivuka, "wote wangeondoka na ushanga usiotazamwa na mtu."

"Lete mkasi," akasema Subilaga.

Furushi likafunguliwa. Kazi ya majaribio ikafasiriwa, ikaunganishwa, ikaendeshwa. Rafu ya herufi nane ikasukumiwa ishirini. Kioo kikaandika: *Ushanga si wangu. Nasimama.* Hapo tu ndipo hati iliporuhusiwa kuandika ndiyo, na Subilaga akaisoma ndiyo ile mara mbili, akaomba, akachovya muhuri.

*

Ijumaa na Jumamosi watu waliopita karibu na karakana walisikia mambo. Mzee Ambakisye, ameketi mbele ya meza kama mgeni ukweni, alikuwa akiwasalimia mapacha waliolala chali. Aliwauliza habari za ndizi, za ng'ombe, za watoto walioko Mbeya. Aliwasimulia mgongo wake pingili kwa pingili. Na kila jozi, ikifika mahali fulani katika mgongo ule, ilikunja magoti na kutulia, kengele ndogo ya mshipini ikalia, Lusajo akashangilia, Subilaga akachovya muhuri. Jozi ya tisa mzee akakauka sauti, wakamletea chai ya tangawizi. Jozi ya ishirini wazee waliokuwa wakingoja nje wakaomba zamu. "Wewe umesahau kuuliza habari za mvua," wakamsuta, naye akawajibu kwamba yeye ni mtaalamu na wao ni wanafunzi.

Kufika Jumamosi jioni zilikuwa zimepita arobaini. Ya arobaini na moja ikatoka Jumapili saa mbili asubuhi.

Ya arobaini na mbili, yenye vikombe vya chai mshipini, kompaila iliimaliza saa tatu kasoro dakika tano. Ibada ilikuwa saa tatu.

Lusajo na Subilaga waliibeba wakikimbia. Chini ya ngazi wazee walikuwa wamejipanga na vikapu vyao, mahindi, maparachichi, kuku mmoja aliyefungwa utepe. Atuganile alikuwa kwenye kiti chake kando ya ngazi ya kwanza, amevaa gauni lenye mabega ya mwanajeshi, anatazama mbele kama mtu aliyekuja kuwaaga wengine. Juu, kengele ikaanza.

"Mama," Lusajo akanong'ona, anahema. "Arobaini na moja wamepita wote. Kompaila ni ile ile, hati ni ile ile. Hawa wa mwisho watashindwaje? Mvalishe wifi yako. Salamu tutawafanyia kesho."

Subilaga akaitazama karatasi. *Ndiyo,* mstari wa kumi na saba. Akamtazama wifi yake, ambaye alikuwa amekwisha weka mguu wa kushoto mbele, kwa mikono yake miwili. Kengele ilikuwa inalia. Muhuri ulikuwa mfukoni.

Akawalaza mapacha juu ya ngazi ya kwanza.

"Haya wanangu," akawaambia, "mmeamkaje. Mmelalaje. Baridi haikuwauma..." Akaishiwa. Alikuwa mkimya tangu kuzaliwa, na watu mia mbili walikuwa wanamtazama akiongea na vyuma. "Nyumbani hawajambo..."

"Mvua," sauti nzito ikasema nyuma yake. Mzee Ambakisye alikuwa ameweka kikapu chini. "Mvua imetusumbua, wanangu, lakini Mungu ni mwema, maharage tumeokoa nusu..."

"Na mahindi," akadakia bibi mwenye kuku. "Mahindi ya bondeni yamekubali!"

"Na mjukuu wangu kafaulu!"

"Mgongo, baba, usisahau mgongo!"

Foleni nzima ikaingia. Wazee arobaini na mmoja, na nyuma yao wenye magoti mazima, wakawasalimia mapacha wale kwa pamoja, kila mtu na habari zake, mpaka haikujulikana tena kama ni salamu au ni wimbo. Juu mlangoni mchungaji alitokeza kuona ibada imeishia wapi, akabaki na mkono hewani.

Mapacha wakakunja magoti, taratibu, juu ya jiwe la kwanza. Kengele yao ndogo ikalia chini ya ile kubwa.

Subilaga akachovya muhuri. Akapiga magoti naye, akamfunga wifi yake mshipi kiunoni, akakaza, akakagua kwa kidole, akaachia.

"Sasa ni wako," akasema. "Wasalimie tu upendavyo. Wakizidiwa, watakaa."

Watu wakangoja, wakijua mdomo wa Atuganile. Mzee Ambakisye akakaa kabisa juu ya kikapu chake, maana aliona hapo pana saa nzima.

Atuganile akainua uso, akazitazama ngazi sitini.

"Twende," akasema.

Wakaenda, kwa mguu wa kushoto.